Mashine Iliyonipumulia

Ugonjwa ulianzia kwenye nyayo. Siku chache kabla yake nilikuwa nimeharisha, jambo la kawaida tu, nikanywa uji mwepesi, nikapona, nikarudi dukani kwangu Kabeza, mjini Kigali, kuuza sukari na mafuta ya taa. Kisha asubuhi moja nikahisi kama nimekanyaga changarawe ndani ya viatu. Nikavivua, nikavikung'uta. Hakikudondoka kitu. Nikavivaa tena, na changarawe zilikuwa palepale.

Mimi ni mtu wa Singida. Kigali nilifika kwa ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Mnyarwanda aliyekuwa akipita kwetu kutoka bandarini Dar es Salaam, akapita mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi baba yangu akamwuliza anatafuta nini. Mwaka wa tisini na moja, nilipougua, nilikuwa nimeishi Kigali kwa miaka mitano. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuulizia bei na kusalimia majirani. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Nalisema hili mapema kwa sababu hospitali niliyolazwa iliongea Kifaransa na Kinyarwanda, nami niliingia humo na Kiswahili changu tu, na baada ya muda mfupi hata hicho nikanyang'anywa.

Changarawe zilipanda. Zilipofika magotini, miguu ikalegea. Nilijaribu kuinuka kwenye kigoda mbele ya mteja, nikabaki nimekaa, nikacheka kama mtu anayefanya mzaha. Kesho yake mikono ilishindwa kuinua kopo la kupimia mafuta. Mume wangu alikuwa safarini, na hapakuwa na simu ya kumpata, kwa hiyo jirani akatuma mtu Masaka, nje kidogo ya mji, kumwita dada yake, wifi yangu.

Wifi alikuja na kuku, jembe na rozari. Jembe sijui alidhani atalima nini Kabeza. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, na tangu nilipoolewa tulikuwa tumepatana kwa sababu moja tu: yeye alikaa Masaka na mimi nilikaa Kabeza. Aliniangalia nilivyolala, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wifi, wewe umelogwa au umechoka?" Kisha akanibeba mgongoni kama gunia la viazi hadi barabarani, akasimamisha gari kwa kusimama katikati ya njia. Hilo sikumshukuru wakati ule. Nilikuwa nimekasirika kwamba alifunga duka bila kuingiza ndani benchi la wateja.

Hospitalini walinichoma sindano kwenye uti wa mgongo, wakachukua maji, wakayapima. Kila asubuhi na jioni daktari alinitaka nivute pumzi moja nihesabu kwa sauti mpaka iishe. Siku ya kwanza nilihesabu nikachoka kuhesabu. Siku iliyofuata nilifika ishirini. Iliyofuata sikufika kumi, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Mate yakaanza kunipalia. Ndipo akaja daktari wa nusukaputi, mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kule kwao Zaire, akaniambia maneno ya mwisho niliyoyajibu kwa kinywa changu.

"Mama, misuli yako ya kupumua iko inachoka. Tutaweka mpira kwa koo, mashini itakupumulia. Weye utasikia yote, ila hutasema. Unakubali?"

"Hadi lini?" niliuliza.

"Hadi mishipa ya fahamu ipone."

"Itapona lini?"

"Mama, unakubali?"

Nikakubali.

Nilipozinduka mpira ulikuwa umepita mdomoni hadi kooni, umefungwa kwa plasta mashavuni. Baada ya siku kadhaa waliuhamisha, wakanitoboa tundu shingoni, wakauingizia hapo. Kando ya kitanda ilisimama mashine yenye ukubwa wa kabati la vyombo, ina mishale, vitufe vya kuzungusha, na kitu cha mpira chenye mikunjo kama kinanda cha mkono, kinachopanda na kushuka ndani ya kioo. Kilipanda, kikashuka, nami kifua kikajaa. Kikapanda tena. Sikuwa nimeombwa lolote.

Watu hudhani anayepumuliwa na mashine anastarehe. Ninataka kusema ilivyokuwa, maana kila niliyemwambia baadaye alinijibu, "Lakini ilikuokoa," kana kwamba nilikuwa nimebisha. Iliniokoa. Na iliniudhi kila dakika iliyoniokoa.

Daktari wa Bukavu alinieleza sababu, na nadhani alinieleza kwa kuwa nilikuwa mgonjwa wake pekee ambaye angeweza kumwelezea kwa Kiswahili. Alivuta kigoda, akakaa. Akasema mtu mwenye afya haimezi hewa. Anaitengenezea nafasi. Ule msuli mpana chini ya mapafu unashuka, mbavu zinafunguka, kifua kinakuwa kikubwa. Ndani yake msukumo wa hewa unapungua kuliko wa nje, basi hewa ya nje inajiingiza yenyewe, kama maji yanavyoteremka bondeni. "Weye sasa msuli haushuki," akasema. "Hakuna nafasi, hakuna bonde. Kwa hiyo mashini inafanya kinyume. Inapandisha msukumo huku nje, inakusukumia hewa kwa nguvu, kama vile bwana wako anajaza tairi. Kisha inafungua kilango, inaacha. Kutoka hewa inatoka yenyewe, kifua kinarudi chini, maana kifua ni kama lastiki."

Aliniambia pia kwamba zamani kulikuwa na mashine nyingine za namna ya pipa la chuma. Mgonjwa alilazwa ndani, kichwa tu nje, na pipa lilinyonya hewa iliyomzunguka mwilini ili kifua kifunguke, mtu akavuta hewa kwa pua yake mwenyewe kama Mungu alivyopanga. Aliiona kwenye picha ya kitabu akiwa mwanafunzi. Nilimwonea wivu huyo mtu wa pipani.

Akaonyesha mshale mmojawapo. "Na tazama, haurudi mpaka sifuri. Tunaacha msukumo kidogo ndani hata ukimaliza kutoa. Mapafu ni vifuko vidogo vidogo vyenye unyevu. Vikiishiwa hewa kabisa, vinashikana kama mfuko mpya wa nailoni, kuvifungua tena ni kazi."

Nilimwelewa vizuri sana, na nilikuwa na maswali. Sikuweza kuuliza hata moja. Akasimama, akanigonga begani, akasema neno ambalo kila mtu katika jengo lile alilisema alipokosa la kusema: "Ihangane." Vumilia.

Kope zangu zilikuwa bado zinatii. Tukakubaliana: kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ungedhani hapo shida imekwisha. Lakini mtu wa ndiyo na hapana ni mtumwa wa maswali ya wengine, na watu hawajui kuuliza maswali. "Una maumivu?" Hapana. "Una njaa?" Hapana, chakula kilipita kwa mpira wa puani. "Unataka padre?" Hapana, hapana. Nilikuwa nikiwashwa na sikio. Sikio la kushoto, ndani, juu kidogo ya ndewe, na katika lugha zao tatu, Kiswahili cha daktari kikiwemo, hakuna aliyewahi kuuliza juu ya sikio.

Wifi ndiye aliyekuwa umurwaza wangu, ndugu anayekaa na mgonjwa, kumwosha na kumgeuza. Alifika asubuhi na kuondoka kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku, kwa kuwa vita vilikuwa vimeanza kaskazini na njia ya kwenda Kanombe, ipitayo kwetu Kabeza, ilikuwa na vizuizi vya askari. Siku nzima alinipa habari za nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu ndiko alikokuwa akilala.

"Wifi, lile jiko lako nimelihamishia upande wa mlango, pale lilikuwa linatia moshi."

Nilifumba mara mbili.

"Unaona? Na wewe ulikuwa unateseka na moshi. Na watoto nimewanyoa vichwa wote, chawa wasije."

Mara mbili. Mara mbili tena. Binti yangu alikuwa na nywele ambazo mimi mwenyewe nilizisuka kila Jumapili tangu alipoweza kukaa.

"Usilie, wifi. Mungu yupo."

Majirani walipomwuliza naumwa nini, aliwaambia nimewekewa mashine ya presha, basi wakaelewa nina presha. Wakaniletea vitunguu saumu. Vilipangwa juu ya kabati langu la wodini kama shada, nami sikuweza kuvinusa kwa pua isiyopitisha hewa, maana hewa yangu iliingilia shingoni.

Mume wangu alirejea kutoka safarini akiwa na vumbi la mpakani Rusumo kwenye kope. Nilimngoja kwa hamu ambayo siwezi kuieleza. Akaja hadi kitandani, akaona mipira, akashika chuma cha kitanda. Akaanza kuniongelesha kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama tunavyowasemesha wageni.

"MAMA WATOTO. MIMI. NIMERUDI."

Nilisikia vizuri kuliko yeye. Nikafumba mara moja. Akamgeukia dada yake, akamwuliza, "Ananielewa?"

"Anaelewa, ila mwulize maswali ya ndiyo."

Akafikiri. Aliyekuwa akifikiri ni mtu mwema, aliyeendesha gari siku nyingi bila usingizi wa maana, na bado nikikumbuka swali lake nasikia kero. Aliuliza, "Watoto waende Masaka kwa mama yangu, au wabaki Kabeza?"

Nilikaa macho wazi. Nifumbe mara ngapi? Mtoto mkubwa alikuwa chekechea hapo Kabeza, ameanza tu kusoma. Masaka wakati ule ilikuwa mashamba, na shule ilikuwa mbali. Nilitaka wabaki. Lakini alikuwa ameuliza mawili katika moja, na kope zangu hazikuwa na jibu la "wabaki". Nilimkazia macho ili agawanye swali. Macho yakaanza kuwasha kwa kukauka, nikafumba.

"Amekubali waende," akasema.

Nikafumba mara mbili. Nikafumba mara mbili tena, kwa nguvu.

"Basi, basi," akasema huku akinifuta paji la uso. "Usijichoshe."

Watoto wakaenda Masaka.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza ugomvi wangu na mashine. Sijui niuiteje zaidi ya ugomvi. Wauguzi nao waliuita hivyo. Hapo mwanzo hewa ilipoingia nilikuwa kama chupa inayojazwa. Sasa nikaanza kusikia kitu kama kiu katikati ya kifua, hamu ya kuvuta kabla mashine haijasukuma. Navuta, hakiji kitu. Ni kama kunyonya mrija ulioziba. Nikiacha kuvuta, nikitaka kutoa, ndipo inasukuma. Tunakutana katikati, hewa yake inaingia na yangu inatoka, mshale unaruka juu, na mashine inapiga king'ora.

King'ora kililia upande wake, lakini lawama zilikuja upande wangu. Muuguzi alikuja, akanyonya makohozi kwa mpira mwembamba, jambo linalokufanya ukohoe bila kifua cha kukoholea, akaitazama mashine, akanitazama, akatikisa kichwa. "Mama anapigana na mashini," alimwambia wifi kwa Kiswahili chake kidogo, ili na mimi nisikie. Wifi akaniinamia. "Wifi, usipigane. Iache ikusaidie. Kwa nini wewe ni mbishi hata na chuma?"

Walijaribu maneno, kisha wakajaribu dawa. Walinichoma sindano ya kunilegeza, nikalala usingizi mzito usio na ndoto, nikaamka mchana mwingine na ulimi mkavu na mashine ikisukuma kwa raha zake. Dawa ikiisha nikavuta tena, tukagombana tena, wakanichoma tena. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua kabisa kinachoniudhi: mashine haikunisikia. Ningekuwa na nusu dakika ya sauti ningewaambia. Nilimtazama daktari wa Bukavu kila alipopita, akaniuliza, "Una maumivu? Unaogopa?" Hapana. Hapana. Mbona huulizi la tatu, wewe mtu uliyesoma?

Mvua ilikuja alasiri moja na upepo wa kung'oa mabati. Taa zikawaka, zikafifia, zikazimika. Mashine ikalia kilio kirefu, kile kitu chenye mikunjo kikashuka, hakikupanda tena. Jenereta ilikuwepo, ila ilichukua muda wake kuwaka, na siku hiyo ilichukua muda mrefu kweli. Baadaye nilisikia maji yaliingia kwenye chumba chake. Wodini tulikuwa wawili kwenye mashine, mimi na mzee mmoja aliyeangukiwa na ukuta. Muuguzi alikuwa mmoja. Alikimbia, akanichomoa kwenye mipira ya mashine, akanipachika puto la mkono, lile la kukamua, akalikamua mara mbili tatu, akamtazama mzee, akamtazama wifi.

"Njoo hapa. Shika hivi. Kamua, achia. Kamua, achia. Usiache."

"Mimi?" wifi akasema. "Nikimwua?"

"Ukiacha ndiyo utamwua."

Wifi akashika. Alianza kwa kuimba wimbo wa kanisani ili mikono ipate mwendo, na kwa ubeti mmoja mzima nilipumuliwa kwa mapigo ya wimbo wa Bikira Maria, pumzi fupi, pumzi fupi, pumzi ndefu mwishoni mwa mstari. Nilidhani nitakufa kwa hasira kabla ya kukosa hewa. Kisha akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Akaacha kuimba.

Alikamua, akaachia, akangoja. Pua zangu zikatanuka kidogo, kiu ile ya kifuani ikaja, nikavuta, na yeye hapohapo akakamua. Hewa ikaja nilipoiita. Ilikuja palepale, kama kikombe kinachoshushwa mdomoni wakati midomo inapofunguka. Nikatoa. Akangoja. Nikavuta. Akakamua. Jasho lilimtiririka puani likamdondokea kwenye kanga. Alibadilisha mkono, akakosea mara moja, macho yakamtoka, akarudi kwenye mwendo. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati, mle ndani giza la mawingu, na mimi nilikuwa napumua. Nasema napumua. Sikuwa napumuliwa.

Umeme uliporudi muuguzi alinirudisha kwenye mashine. Kile kitu kikapanda, kikashuka, kikasukuma wakati natoa. Machozi yakanitoka hadi masikioni.

"Tazama," wifi akasema, akijikanda vidole. "Anamshukuru Mungu kwa umeme."

Wifi yangu huyu aliupita mwaka wa tisini na nne akiwa hai, mume wake hakuupita. Hayo ni yake kuyasimulia, na siyaandiki hapa. Nayataja tu kwa sababu kila ninapokumbuka alasiri ile nakumbuka ilikuwa kabla, na kwamba tulikuwa na nafasi ya kukasirishwa na mambo madogo kama hayo.

Daktari wa Bukavu alikuja asubuhi yake kuona tulivyopitia dhoruba. Wifi alikuwa na hadithi ya kusimulia, na wifi akisimulia hadithi hakatizwi. Akamwonyesha vidole vilivyovimba. Akamwonyesha alivyosimama. Kisha akasema, katikati ya mengine, "Halafu huyu naye hana subira. Kile kilango kidogo cha puto kilikuwa kinalia tiki kabla mimi sijakamua. Ananinyang'anya pumzi mkononi!"

Daktari alikuwa akiandika. Kalamu ikasimama.

"Kililia kabla hujakamua?"

"Kabla! Mara nyingi. Basi mimi nikawa namngoja yeye kwanza, nisigombane naye."

Daktari akaniinamia, karibu hadi nikaona doa la kahawa kwenye kola yake. Akachomoa mpira wa mashine shingoni mwangu, akaweka kiganja juu ya tumbo langu, chini ya mbavu. Nilivuta. Nilivuta kwa kila kilichokuwemo ndani yangu, na kiganja chake kikainuka, kidogo tu, kama kinavyoinuka kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Akarudisha mpira haraka.

"Mama," akasema. "Ulikuwa hupigani na mashini. Ulikuwa unataka kupumua weye mwenyewe?"

Nikafumba mara moja. Nilifumba kwa muda mrefu hivi kwamba akadhani nimezimia.

Akanieleza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejieleza. Mashine ile iliweza kumsikia mgonjwa. Mgonjwa akivuta hata kidogo, msukumo ndani ya mipira unashuka kidogo, na mashine ikiona umeshuka inajua anataka, inasukuma. Lakini nilipolazwa sikuwa na nguvu ya kushusha chochote, na maji yaliyokusanyika kwenye mipira yalikuwa yanacheza na kuidanganya mashine kwamba naomba hewa. Kwa hiyo aliikaza ile sehemu ya kusikia ili isisumbuliwe, akaiacha iende kwa saa yake. Kisha misuli ikaanza kurudi, na hakuna aliyefikiria kuilegeza. Wakati wote waliponichoma dawa kwa ubishi wangu, nilikuwa naanza kupona.

Alizungusha kitufe kimoja. Nikavuta, ikaja. Sikuwahi kuona kitu chepesi vile.

Ningependa kusema kuanzia hapo nilifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kujaza tairi za lori zima. Isitoshe kupona kwenyewe kulikuwa kazi ya kukera. Walinitoa kwenye mashine kwa vipindi, nipumue peke yangu hewa yenye oksijeni kupitia mrija tu. Mara ya kwanza nilijiona shujaa. Muda mfupi baadaye mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo, jasho likanitoka, wakanirudisha. Nililia kwa aibu. Kesho yake tena. Siku nyingine nilifanya vibaya kuliko ya kabla yake. Daktari alipunguza msukumo wa mashine kidogo kidogo, ili inisaidie nusu na nusu nifanye mwenyewe, na kila alipopunguza nilihisi kama mtu anayenivuta blanketi mwilini. Na kila mtu akasema, "Ihangane."

Siku walipoisukuma mashine nje ya wodi, ilibaki alama nne za magurudumu sakafuni. Tundu la shingoni lilikuwa bado wazi na mrija mdogo wa chuma. Daktari akaniambia nikiliziba kwa kidole wakati natoa hewa, sauti itapita juu. Kidole changu kilikuwa hakijaweza kufika shingoni, basi wifi akaliziba kwa chake. Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Wote wakangoja nitakachosema.

"Sikio," nilisema. Ilikuwa sauti ya mlango wa ghala. "La kushoto. Nikune."

Mume wangu akanikuna sikio huku akilia. Nami nikaendelea, kwa kuwa wifi hakutoa kidole. "Watoto. Nilitaka wabaki."

"Lakini ulifumba," mume wangu akasema.

"Uliuliza mawili!"

"Ungefumba mara mbili."

"Nilifumba mara mbili!"

"Ulifumba moja kwanza."

Wifi akaondoa kidole, na maneno yangu yakaishia shingoni yakitoa upepo. "Mmeanza," akasema. "Apumzike."

Nilirudi Kabeza nikitembea kwa fimbo mbili, miguu ikiburuta kama si yangu. Watoto waliletwa kutoka Masaka Jumapili. Mkubwa alikuwa amesahau herufi alizojifunza. Binti yangu, kichwa kikiwa kimeanza kuota nywele fupi za kipilipili, alisimama mlangoni akaangalia bandeji ya shingoni mwangu, kisha akaenda kujificha nyuma ya kanga ya shangazi yake. Nilimwita. Hakuja. Nilimwita tena, kwa sauti yangu mpya ambayo hakuijua, akaanza kulia.

Wifi hakumsukuma aje kwangu. Alikaa chini mkekani karibu na miguu yangu, mtoto akiwa amemng'ang'ania, akaanza kuchambua maharage kana kwamba hakuna jambo. Baada ya kitambo akasema bila kuinua macho, "Wifi, shika na wewe. Vidole vinahitaji kazi."

Nikashusha mkono. Maharage yaliniponyoka, nikayaokota moja moja, nikalaani. Mtoto alinyamaza akatazama. Kisha akaanza kuokota yale yaliyobingirika mbali, akayaweka kwenye ungo, upande wa shangazi yake.

Tulifanya hivyo hadi mchana. Miguu yangu ilikuwa inauma na mgongo ulikuwa unauma, na wifi alikuwa ananieleza namna bora ya kupanga duka langu.